Utepe Mwekundu Kwenye Miwaridi

Skauti wenzangu mliobaki kwenye grinhausi, siku ya kuniaga mlinipa blanketi, saa ya ukutani na kazi ya kufanya. Saa ilisimama kabla mvua za kwanza hazijaisha. Blanketi bado lina faida, maana baridi ya asubuhi ya huku Bahati nyinyi wa Naivasha mnaisikia tu kwa wageni. Kazi yenyewe ndiyo hii: niandike jinsi nilivyofanya uskauti, ili wanaoingia leo wasianze kwa kupapasa kama mimi. Nimechelewa kidogo kwa sababu nilikuwa napiga picha. Msicheke. Tutafika huko.

Habari za vyeo sitaandika. Nani alipanda na nani alirukwa, wenyewe wanajua, na baadhi yetu mpaka leo hatusalimiani vizuri. Nitaandika habari za kutazama, kwa sababu uskauti ni kutazama tu. Mwenzako anachuma maua, mwenzako anafunga, mwenzako anabeba. Wewe unatembea kati ya bedi za miwaridi ukitafuta wadudu na magonjwa kabla hayajaenea. Ukifanya kazi vizuri hakuna kinachotokea, na hakuna anayekushukuru kwa kitu ambacho hakikutokea. Zoeeni mapema.

Siku yangu ya kwanza nilitoka Karagita alfajiri kwa miguu, katikati ya wanawake wenye makoti na kofia za sufu, nikijua naenda kuchuma maua. Tulipangwa mstari mlangoni. Mwanamke mmoja mrefu akapita mbele yetu ameshika jani la mwaridi, akauliza kila mtu anaona nini. Walionitangulia walisema wanaona jani. Mmoja aliyetaka kupendwa alisema anaona jani zuri. Mimi nikasema naona vumbi linatembea. Akanitoa kwenye mstari kwa kunivuta mkono, na tangu siku hiyo sikuwahi kushika mkasi wa kuchuma.

Huyo alikuwa Mama Akinyi, skauti wa zamani kuliko wote, na vumbi lile lilikuwa utitiri mwekundu. Alinifundisha kwa maneno machache na vidole vigumu. Alikuwa akinishika kisogo na kunigeuza. "Mdudu hakai pale unaangalia," alikuwa akisema. "Anakaa pale wewe ungekaa kama ungekuwa na njaa na unaogopa jua." Kwa hiyo tunageuza majani. Tunaanza chini ya mti, tunakuja katikati, tunamaliza juu, na hatutembei mstari ulionyooka kama mtu anayewahi chai. Lenzi inaletwa jichoni, na jani linaletwa kwenye lenzi. Ukipeleka kichwa kwenye jani utastaafu na shingo ya mbuni.

Lenzi yake aliifunga kwa kamba ya kiatu shingoni. Alipoondoka kwenda kwao aliivua akanivisha mimi, bila hotuba yoyote. Ina mkwaruzo mmoja pembeni ambao kwa miaka mingi nilijifunza kuuzunguka. Ninayo mpaka leo, na ndiyo iliyoniingiza kwenye mambo haya ninayotaka kuwaambia.

Zana nyingine ilikuwa utepe mwekundu. Nyinyi siku hizi mnabonyeza kwenye simu na mahali panajulikana. Sisi tulifunga utepe. Nikikuta wadudu, nilikata kipande nikafunga kwenye waya juu ya mti ulioshambuliwa, nikaendelea. Utepe ulikuwa na maana moja tu: hapa, piga. Nyuma yangu walikuja wapiga dawa, wamevaa ovaroli, gambuti, maski na miwani inayoshika ukungu, na kiongozi wao alikuwa Barasa.

Barasa ni mtu wa Bungoma, mfupi, mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa kuliko sauti. Mimi nafunga, yeye anapiga. Hatukuwa na haja ya kuongea. Akimaliza, alifungua tepe zote alizozipitia, akazikunja vizuri kama bendeji, akaningoja langoni jioni. "Mama Wambui, chukua bendera zako," alikuwa akisema, na nilikuwa nikizipokea na kuzitia mfukoni kwa matumizi ya kesho. Watu walidhani tuna jambo. Jambo letu lilikuwa hilo.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, lakini nitawaambia ile iliyonibadilisha. Ilikuwa kabla ya maua ya Februari, yale ya siku ya wapendanao, wakati ambapo hata mbwa wa lango anakimbia. Utitiri uliingia nyumba moja ya maua ukakataa dawa. Nilifunga, Barasa akapiga. Nikafunga tena, akapiga tena. Wadudu wakawa kama wananawa uso tu. Mwishowe wakubwa wakaleta wadudu wengine ndani ya chupa, wadudu rafiki, wakasema tuwamwage juu ya majani na tusipige dawa yoyote. Nyumba ikafungwa kwa kufuli ili Barasa asisahau.

"Sasa hawa ndio watachukua kazi yangu?" Barasa akauliza, akiitazama ile chupa kwa mbali. "Hata ovaroli hawana."

Nilipoingia na lenzi siku chache baadaye, nilimkuta mmoja wao, wa rangi ya chungwa, miguu mirefu, anakimbia juu ya jani akimfukuza utitiri. Akamkamata, akamnyonya mpaka akabaki ganda. Kisha akasimama, akajisafisha mdomo kwa miguu ya mbele, kama mzee anayemaliza supu. Niliinama pale mpaka supavaiza akaja kuuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimefurahi, na sikujua nimweleze nani. Kamera hazikuruhusiwa, na hata zingeruhusiwa sikuwa nayo. Nilijiambia kwamba siku nikiwa na wakati wangu mwenyewe nitapiga picha za watu wadogo kama wale.

Wakati wangu mwenyewe ukafika. Mimi na mume wangu Kariuki tuna kipande cha ardhi hapa Bahati, chenye nyumba, ng'ombe mmoja, mti wa plamu, uzio wa kayaba na maoni ya Kariuki. Maoni yake ni kwamba maua hayaliwi. Hata hivyo nilipanda miwaridi kando ya uzio, na binti yetu Wambui akaninunulia simu yenye kamera nzuri. Picha zangu za kwanza zilikuwa za kidole changu, udongo, na sikio la Kariuki. Halafu nikachukua lenzi ya Mama Akinyi, nikaifunga mbele ya jicho la simu kwa mpira na kipande cha plasta ya vidonda. Mara mguu wa nzi ukajaa kioo kizima, na vinyweleo vyake vyote.

Mkitaka kujaribu, sikilizeni. Nendeni asubuhi, umande ukiwepo, kwa sababu mdudu aliyepoa hana haraka. Vaeni nguo zisizopiga kelele. Msimtupie kivuli. Kiwiko kiegemezeni gotini, mshushe pumzi, mbonyeze pumzi ikiwa imetoka. Lengeni jicho, picha yenye jicho safi husamehewa mengine yote. Na msikate tamaa. Kati ya picha zangu nyingi za ndege chozi akinyonya ua la mshubiri, nzuri ni zile mbili ambazo ndani yake yupo.

Miwaridi yangu ilipata vidukari, vile vidudu vya kijani vinavyojaa kwenye vichipukizi. Niliviacha. Kariuki alisimama pale na kikombe chake, akatikisa kichwa. "Skauti mzima, na maua yako yameliwa."

"Hiyo ni hoteli," nikamwambia. "Ngoja wateja."

Wateja wakaja. Vidudu vyekundu vyenye madoa meusi, na watoto wao wanaofanana na mamba wadogo. Nzi wenye mistari ya nyuki wanaosimama hewani. Vunjajungu mmoja mwenye kiburi. Ndege kuzumburu walikuwa wakija kutuibia plamu kabla hazijaiva, lakini hao hawakuhitaji kualikwa. Kila asubuhi nilitoka na kigoda changu, na ilipofika saa ya chai Kariuki aliniita kwa jina langu la ujana, maana la kawaida nilikuwa silisikii.

Ndipo siku moja nikiwa napiga picha ya vidukari, tawi likapepesa jicho.

Alikuwa kinyonga, wa rangi ya jani, pembe fupi moja puani na safu ya miba laini chini ya kidevu. Jicho moja lilinitazama mimi, lingine likatazama upande wa lango, kama mtu anayengoja waliochelewa. Nikampa jina palepale: Supavaiza. Najua kwetu huku watu wengi wanamwogopa kinyonga. Mama yangu mwenyewe hakupenda hata nimtaje. Lakini mimi nimetazamwa na masupavaiza maisha yangu yote, na huyu alikuwa wa kwanza kutopiga kelele.

Wiki zikapita, tumbo lake likaongezeka. Wambui akanisomea kwenye simu kwamba aina hii haitagi mayai. Huzaa. Mama hupanda tawini, na watoto huanguka mmoja mmoja, kila mmoja ndani ya utando mwembamba, wakauchana na kuondoka zao kwa miguu bila kuaga. Niliposikia hivyo, nilimwomba anisomee tena. Miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwona mdudu na wa kwanza kumfungia hukumu. Nilitaka, walau mara moja, kuona kitu kidogo kikianza, na kukipiga picha. Sijatamani kitu hivyo tangu nikiwa msichana.

Tatizo la kinyonga ni kumpata kila asubuhi. Nilikuwa nikipoteza muda mwingi nikitafuta tawi lenye macho. Kwa hiyo, jioni kabla sijaingia ndani, nilikuwa nikifunga kipande cha utepe kwenye mwaridi aliolalia. Utepe ulikuwa mfukoni mwa aproni yangu, uleule wa kazini, na mikono yangu ina mazoea yake. Mwenda pole hajikwai, na Supavaiza hakuwa akienda mbali. Kukicha nilimkuta karibu na utepe wangu. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Barasa naye alikuwa amestaafu. Alihamia upande wa Dundori kwa mkwe wake, na kwa kuwa hawezi kukaa bure, alijipatia pampu ya kubeba mgongoni, akawa anawapigia watu dawa ya viazi. Mara mojamoja alikuja kutusalimia, akanywa chai na Kariuki, wakakosoa serikali mpaka ikaisha.

Siku hiyo nilikuwa nimeenda Nakuru mjini kutafuta kigoda cha simu, yaani ile miguu mitatu ya kuisimamisha isitikisike. Tumbo la Supavaiza lilikuwa limeshuka, na nilijua siku zake zimekaribia. Nilikipata kwenye duka la Mhindi mmoja mzee ambaye zamani alikuwa akiuza filamu za kamera. "Hii, mama, vijana wananunua ya kujirekodi wakicheza," akaniambia. Nikamwambia yangu ni ya uzazi. Alinifungia bila kuuliza tena.

Niliporudi na kufungua lango, nilisikia harufu. Mtu aliyefanya kazi yetu hahitaji kuambiwa. Nilisimama na mkoba wangu mkononi. Barazani Barasa na Kariuki walikuwa wanakunywa chai, pampu iko chini miguuni pao, na juu ya meza, kando ya thamosi, palikuwa na tepe zangu zimekunjwa vizuri kama bendeji.

"Karibu nyumbani, Mama Wambui!" Barasa akasema, uso umejaa furaha. "Leo umenipata. Ile kazi yako nimemaliza."

"Kazi gani?"

"Ya maua. Nilikuja kusalimia tu, nikaona wadudu wamejaa hapo kwa fensi, nikaona na tepu yako. Nikasema, si pampu niko nayo? Nimepiga safi, mpaka chini ya majani. Bendera zako ndio hizo."

"Barasa, nani alikwambia upige?"

Akazitazama tepe, akanitazama mimi. Furaha ikaanza kumtoka usoni. "Si wewe?"

"Mimi nilidhani mmepanga," Kariuki akasema. "Nyinyi huwa hamuongei."

Nilitaka kumpigia Barasa kelele ambazo zingesikika mpaka Menengai. Nilikasirika hadi meno yakaniuma. Lakini ni nani angeweza kumlaumu? Alikuwa amekuja kwa rafiki yake, akaona ishara ambayo kwa miaka yote ilikuwa na maana moja, akaifuata bila kulipwa na bila kuombwa. Mazoea yana taabu, na haya yalikuwa ya wote wawili.

"Kuna kinyonga kwa hayo maua," nikasema. "Ana mimba. Nilifunga ndio nisimpoteze."

"Kinyonga?" Barasa akasimama. "Uwi! Mama, ningeona kinyonga hata hiyo pampu ningeacha hapo. Nilivaa miwani, si unajua hizo miwani?"

"Umechanganya kiasi gani?"

"Kidogo. Ilikuwa mabaki ya chupa."

Nikamwambia anawe mikono kwa sabuni mpaka viwiko, avae koti la Kariuki, aje. Kariuki akaleta maji. Tukaanza kutafuta, na nikamfundisha Barasa pale pale kile nilichofundishwa na Mama Akinyi: chini, katikati, juu, geuza jani, usitembee kama unawahi chai. "Mimi natafuta nini hasa?" akaniuliza. "Tawi lenye jicho," nikamwambia. Chini ya miwaridi, wale wadudu wekundu walikuwa wamelala chali kwenye udongo. Sikuwatazama sana. Utotoni tuliambiwa kinyonga akikuuma haachii mpaka radi ipige, na naona Bungoma nao waliambiwa hivyohivyo, lakini Barasa aliingiza mkono kwenye miiba jani kwa jani, akinong'ona maombi ya kanisani kwao.

Ni yeye aliyempata. Supavaiza alikuwa ameshuka akaingia kwenye uzio wa kayaba, mahali penye miiba mirefu, amekuwa mweusi kama makaa. Kinyonga anayeteseka huwa hivyo. Hakusogea. Mimi mkono wangu haukufika. Barasa ni mfupi lakini ana mikono ya mtu mwingine.

"Mnyooshee mkono mbele yake," nikamwambia. "Usimshike. Ngoja akushike yeye."

"Mama Wambui, mimi nitakufa."

"Hutakufa. Nyoosha."

Akafumba macho, akanyoosha. Tukangoja. Kisha mguu mmoja mweusi ukatoka polepole, ukatikisika hewani, ukashika kidole chake. Halafu wa pili.

"Ananishika," Barasa akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuthubutu kuyafuta.

Tulimdondoshea maji safi juu ya mgongo na machoni, tone kwa tone, mpaka akayalamba. Kisha tukampeleka kwenye mti wa plamu, mbali na dawa. Kazi ikabaki ya kungoja, na kungoja nilikuwa sijakuzoea, kwa sababu kazini nilikuwa nikifunga na kuendelea.

Siku zilizofuata bustani ilikuwa kimya. Nzi wenye mistari hawakuwepo, vunjajungu hakuwepo, na chozi alipita juu bila kushuka. Nilikijua kimya hicho. Ndicho tulichokuwa tukikisifu kazini, tukitembea kwenye grinhausi safi na kupongezana. Sisemi tulikosea, maua yalipaswa kutoka, na watoto wetu walisoma. Nasema tu kwamba hapa nyumbani kiliniuma.

Barasa alikuja kila siku. Kila siku alisema alikuwa anapita. Kutoka kwake mpaka kwetu hakuna safari ya kumpitisha mtu hapa, lakini nilimwekea kikombe. Supavaiza alikuwa ametoka kwenye weusi akawa wa hudhurungi, hali chochote, tumbo limekaa palepale. Tuliketi chini ya mti wa plamu tukimtazama, naye alitutazama, kila mmoja kwa jicho lake.

Walioanza kurudi kwenye miwaridi walikuwa vidukari. Hili liandikeni vichwani, vijana: baada ya dawa, adui hurudi kwanza, rafiki hurudi mwisho. Nilivua lenzi kutoka kwenye simu nimwonyeshe Barasa, na alipoipokea aliigeuzageuza mkononi kama mtu aliyepewa saa ya mgeni. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuwahi kuishika. Miaka yote ile mimi nilikuja mbele, yeye nyuma na miwani yenye ukungu. Hakuwahi kumwona hata mmoja.

"Leta lenzi kwa jicho," nikamwambia. "Halafu leta jani."

Akaleta jani, akaligeuza, akalirudia tena. "Hii kubwa inatoa ingine nyuma," akasema mwishowe. "Inazaa! Mama, hii kitu inazaa, na mtoto ako na miguu!" Akashusha lenzi. "Kumbe ndio hawa."

"Ndio hawa."

"Sasa hawa tunapiga ama hatupigi?"

"Hawa ni chakula cha Supavaiza akipona. Tunawaacha."

Akaangalia tena. Siku hiyo chai yake ilipoa.

Asubuhi niliyokuwa nikiingoja ilifika bila kunipa taarifa. Nilitoka nikamkuta Supavaiza amepanda kwenye tawi la nje, amegeuka kijani kibichi kabisa, anatembea mbele na nyuma kama mtu aliyesahau alikokuwa anaenda. Nikaweka simu juu ya ile miguu mitatu, nikafunga lenzi, nikalenga. Barasa alifika wakati huohuo, na kwa mara ya kwanza hakusema alikuwa anapita. Tukasimama bega kwa bega. Mkia ukainuka. Kitu kidogo chenye kung'aa kikatokeza, kikaning'inia, na mimi nikashusha pumzi kama ninavyowafundisha, nikabonyeza.

"Inaanguka! Mama, inaanguka!" Barasa akapiga kelele, akaingiza mkono.

Kwa hiyo picha ya kuzaliwa sina. Nilicho nacho ni kiganja cha Barasa, kimejaa kioo kizima, mistari yake yote na kucha zilizogeuka rangi kwa dawa za miaka. Lakini katikati ya kiganja, wazi kabisa mpaka jicho, yupo kinyonga mdogo kuliko punje ya hindi anayejivua utando. Nimeiweka ukutani mahali pa saa yenu. Wengine walianguka kwenye majani kama ilivyoandikwa, wakaondoka bila kuaga, na mama yao akashuka taratibu kuelekea kwenye miwaridi, kula.

Msimu huu jirani yetu alipanda viazi upande wa pili wa uzio wa kayaba, akamwita Barasa apige dawa. Nilitoka nje na wasiwasi wangu. Kumbe Barasa alikuwa amefika mapema, akaniomba utepe wote uliobaki, akaufunga mwenyewe kwenye uzio kutoka mwanzo hadi mwisho wa bustani yangu. Nilimtazama akipita na pampu mgongoni. Alipofika penye utepe wa kwanza alifunga koki, akapita kimya mstari mzima ameshika mpira wa pampu chini, na alipovuka utepe wa mwisho akafungua tena.

Jirani akamwita kutoka shambani. "Mzee! Mbona umeruka hapo?"

"Hapo hapapigwi, boss," Barasa akajibu. "Hapo kuna watu."